Simu Moja Ndani ya Vugo

Doha,
Jumanne, baada ya alasiri

Mdogo wangu Bakari,

Assalaam aleikum. Habari za hapo Msambweni, habari za mama na magoti yake, habari za banda lako la sinema? Mimi mwili hauna neno, alhamdulillahi. Moyo ndio haujatulia, na sababu utaiona.

Barua hii anakuletea dada mmoja wa Ukunda ninayefanya naye kazi, anakuja likizo. Nimeifunga kwa gundi kisha nikaishona uzi mweusi pembeni. Ukiukuta uzi umekatwa, jua imekwisha kusomwa njiani, lakini usimwambie kitu, mpe chai aende zake. Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Nikipiga simu wewe unaweka spika, mama anasikiliza, shangazi anasikiliza, na jirani aliyekuja kuomba chumvi naye anavuta kigoda. Na ujumbe wa sauti siutaki tena. Ukishautoa kinywani hujui utalala nyumba ya nani.

Jambo lenyewe nakwambia mapema, usije ukaruka kurasa kulitafuta. Nataka umrejee Mwanasiti kabla eda yake haijaisha. Mke wako hana kosa. Sisemi hivyo kwa huruma, nina ushahidi, na ushahidi nitakuwekea humu humu. Ila mkono unakuwa mzito kila nikilikaribia, kwa hiyo nivumilie nianze na yale uliyoniuliza mwezi uliopita. Unanijua, mimi hata nikienda kuchomwa sindano huanza kwa kumuuliza daktari habari za wanawe.

Uliuliza filamu gani mpya inafaa kuonyeshwa bandani. Mdogo wangu, mimi nafagia sinema, siangalii sinema. Naingia ukumbini majina yanapopanda, na fagio na mfuko wa taka, watu wanatoka wakipangusa machozi au wakitafuta viatu. Kwa hiyo filamu zote nazijua kwa mwisho wake, na kwa mwisho wake siziamini hata moja. Siku hizi hakuna maiti wa kutegemewa. Mtu amezikwa, mjane amelia, majina yamekwisha kupanda nusu, mara mkono unatokeza udongoni. Hawa watengenezaji hawataki hadithi iishe, wanataka urudi mwakani ukate tiketi nyingine. Ile ya mapanga uliyosikia sifa zake usiichukue. Wanaume watatu nimewakuta vitini wamelala usingizi, mmoja nikamwamsha kwa fagio. Ya katuni ya pweza chukua, watoto wanatoka wakiimba, na mtoto hajui kusifia kitu kwa kulipwa.

Michezo ya video nayo nimeichunguza. Njeri, msichana wa Nyahururu ninayekaa naye chumba kimoja, ana mchezo wa shamba kwenye simu. Unapanda mahindi, unameza mate mara mbili, mahindi yameiva. Nikamuuliza, nyani wako wapi? Akasema hakuna nyani. Nguruwe mwitu? Hakuna. Nikamwambia huo si mchezo, huo ni uongo, nani aliwahi kuvuna Kwale bila kugombana na nyani? Tena ukiliacha shamba siku mbili simu inakuandikia, "Mazao yako yanakuhitaji, rudi." Hilo shamba linamlima Njeri, si Njeri analilima. Wale vijana wako wanaoshinda bandani wakicheza kandanda ya kioo, waangalie na wao, usije ukakuta wamefunga mabao mia na hawajui hata kupiga danadana.

Na tovuti? Nilifungua moja inayosifia mahoteli ya Diani. Hoteli ile ninayoijua mimi, ile tuliyokuwa tukiuza madafu nje ya ukuta wake, imepewa nyota zote, na wageni kumi wameisifu kwa maneno yaleyale, "mandhari ya kupendeza na wahudumu wachangamfu." Wageni kumi, mdomo mmoja. Namjua ni nani huyo, ni meneja ameketi na chai yake. Nyingine ilinifundisha kupika samaki wa kupaka wa asili ya Pwani, ndani yake imo sosi ya chupa. Kabla ya kunifungulia ikaniuliza kama mimi ni mashine au binadamu, nikaambiwa nithibitishe kwa kuonyesha picha zenye taa za barabarani. Mimi wa Msambweni! Nilikosea mara mbili, ikakataa kuniamini. Basi nami siiamini.

Muziki ndio utakaonifikisha pale nisipotaka kufika. Nyimbo za sasa zote zina ngoma moja, ukifumba macho hujui umebadilisha wimbo. Wanasema nyingine haziimbwi na mtu, zinaimbwa na kompyuta iliyofundishwa kuugua mapenzi. Mimi niliapa kwamba sitaamini sauti yoyote ambayo sijui mama yake. Halafu ikaja ile niliyomjua mama yake.

Siku ile nimetoka kazini, Njeri amelala kitandani anaangalia video fupi fupi, kila video watu wanacheza kwa wimbo mmoja. Mwanamume kifua wazi, anakata kiuno, na sauti inayomchezesha ni ya mama yetu.

*Samaki wetu kapakwa nazi,
samaki wenu kapakwa mchanga!*

Nilimpokonya simu nikaitupa kwenye godoro. Sikuusikiliza ule wimbo mpaka mwisho, wala baadaye sikuusikiliza. Ukipigwa dukani nilikuwa naziba masikio kwa kumheshimu mama. Ningejua heshima ile ingemponza nani, ningeusikiliza mpaka ngoma za masikio zipasuke.

Wewe unayajua ya nyumbani kuliko mimi, lakini acha niyapange, maana nimeyapanga kichwani mara nyingi mno. Mama aliuimba wimbo ule kwenye harusi ya Riziki, binti ya shangazi, usiku wa vugo, ngoma ya harusi ya wanawake peke yao, mlango umefungwa. Bwana harusi ni wa Jego, na mama aliwaimbia wanawake wa Jego walioketi mbele yake, nao wakamjibu kwa wimbo wao kwamba Msambweni hata nazi wanakuna na maganda. Ndivyo vugo lilivyo. Mnatukanana kwa mafumbo, pembe zinapigwa, mnacheka mpaka mnashikana mabega, asubuhi mnakula pilau sahani moja. Yanayosemwa ndani hubaki ndani. Ndiyo maana shangazi alisimama mlangoni na beseni, kila anayeingia aweke simu yake humo.

Simu moja tu iliruhusiwa kupita, ya Mwanasiti. Aliomba yeye, kwa ajili yangu. "Shangazi, wifi yangu yuko peke yake kule, naye ni mwana wa nyumba hii. Mwache aone." Shangazi akakubali, kwa sharti kwamba Mwanasiti aishike mwenyewe mkononi na asiiweke chini. Akanipigia simu ya video, akanishika mkononi saa nzima, mkono mpaka ukamfa ganzi, akinigeuza huku na huku nione kila mtu. Nililia, nikacheka, nikala mkate wangu mkavu hapa kitandani nikiona kama nimo kwenye mkeka.

Sasa wimbo ulipotoka nje, watu wa Jego waliusikia ukichezwa na wanaume na wavulana wa kando ya barabara. Mafumbo ya ndani yakawa matusi ya hadharani. Mama mkwe wa Riziki akaacha kumjibu salamu. Na mama yetu, mwanamke ambaye hata adhana ikimkuta sokoni hujifunika vizuri zaidi, sauti yake ikawa inakatiwa viuno. Aliacha kuimba. Walimwita harusi mbili, akasema koo linamuuma.

Nikaingia mimi, mwenye akili nyingi. Nikatuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la familia, nakumbuka kila neno: "Hebu tusizunguke. Simu ndani ilikuwa moja. Aliyeishika anajulikana." Nilijiona hakimu. Kila mtu akausikia. Ukamuuliza mkeo, akasema, "Si mimi," kisha akanyamaza. Ulipomuuliza mara ya pili akatazama chini. Mkaona kunyamaza kwake ni kukiri, na mimi huku mbali nikasema, "Si niliwaambia?" Ijumaa ile ukampa talaka moja, na hata eda hukumwacha aikalie kwako kama sheria inavyotaka, akarudi kwao Waa na begi moja.

Bakari, sasa shika karatasi vizuri.

Jumapili iliyopita wakubwa wetu wa sinema walitufanyia ihsani, wafagiaji wote tukakalishwa kwenye viti tutazame filamu nzima, mwanzo mpaka mwisho. Ya kuchekesha, mwanamume amejifanya mpishi wa ikulu na hajui hata kumenya kitunguu. Nilicheka. Unakijua kicheko changu, kile cha kupanda ngazi, kinachoishia na kupaliwa mpaka watu wanatafuta maji. Njeri alikuwa kando yangu. Akanigeukia gizani, akasema, "Wee Saumu, hicho kicheko si ndicho kiko kwa ile wimbo ya samaki?"

Nikamwambia wacha upuuzi. Akasema, "Nakuambia. Ile mahali beti inakatika, kuna mtu anacheka. Ni wewe kabisa!"

Sikuimaliza filamu. Niliingia stoo ya mafagio, nikajifungia, nikaazima simu yake na visikilizi vyake vya masikioni. Nikausikiliza wimbo wa mama kwa mara ya kwanza mpaka mwisho. Mama anaimba, "kapakwa mchanga," halafu kinakuja kicheko, wamekikata wamekiharakisha wamekirudia rudia mpaka kimekuwa ndiyo ngoma yenyewe. Lakini mwisho kabisa wamekiacha kilivyo. Kinapanda, kinapanda, kinapaliwa. Nilikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, nikakirudia tena. Mimi sikuwa ndani ya chumba kile, Bakari. Kama simu ya Mwanasiti ndiyo iliyorekodi, kicheko changu kingesikika kwa mbali, chembamba, kama kinatoka ndani ya kopo. Kile kilikuwa karibu kuliko sauti ya mama. Kilirekodiwa hapa, kwenye simu iliyokuwa mkononi mwangu.

Hapo ndipo nikakumbuka. Usiku ule wa vugo niliirekodi simu ikiendelea, niwe nikiitazama nikizidiwa na upweke. Wiki ya pili nilimpikia Njeri pilau, nikaipiga video sufuria ikifuka mvuke, nikaiweka kwenye ule mtandao wa video fupi, niwaonyeshe watu kwamba hata huku tunapika. Nikataka iwe na kitu cha kwetu nyuma yake. Nikachukua ile rekodi ya vugo. Na nilijihadhari, wallahi nilijihadhari! Nilisema siwezi kuonyesha wanawake wa watu bila mitandio, nikaifunika picha yote, asionekane hata ukucha. Sufuria tu. Nikajisifu kwamba nimewasitiri.

Nilisitiri sura, nikaiacha sauti uchi. Haikunijia kabisa. Tumefunzwa tangu utoto kuficha nywele, kuficha shingo, na mimi nikadhani kilichofunikwa machoni kimefunikwa kote. Video ile iliangaliwa na watu wachache, nikaisahau. Nilipoifungua Jumapili, chini yake palikuwa na maandishi madogo, kwamba mtu yeyote anaweza kuichukua sauti hii akaitumia. Mtu aliichukua, akaitia ngoma. Mimi ninayekagua shamba la Njeri kama lina nyani, ninayeishuku hoteli na chai ya meneja, maandishi yale sikuyasoma. Nimeifuta sasa. Ni bure, lakini nimeifuta.

Simu hazikuwa moja. Zilikuwa mbili, na ya pili ilikuwa yangu.

Nilimpigia Mwanasiti siku ileile, kwao Waa. Alipokea kwa adabu yake, akaniamkia kama zamani, "Shikamoo wifi," nikashindwa kujibu marahaba. Nikamwambia yote kwa pumzi moja. Nilingoja alie au anitukane. Akasema:

"Najua, wifi."

"Unajua nini?"

"Kicheko ni chako. Mimi ndiye niliyekishika mkononi usiku ule, kilikuwa kinatokea kiganjani mwangu. Siku ya kwanza nilipousikia wimbo nilikijua."

Nikapiga kelele, "Mbona hukusema? Mwanasiti, mbona hukumwambia Bakari?"

Akasema, nami nakuandikia kama alivyosema, sikuongeza wala sikupunguza: "Ningesemaje? Mama alikuwa amekaa mkekani analia, anasema aliyeitoa sauti yake nje asikanyage tena mlango wake. Mimi nikifukuzwa nina kwetu, ni hapa Waa, nitakula kwa baba yangu. Wewe uko kwa watu. Ukifungiwa ule mlango utarudi wapi?"

Niliketi na simu sikioni nikilia. Nimemlia Mwanasiti tangu Jumapili kuliko nilivyomlia baba, na baba unajua nilivyomlia.

Nikamuuliza, je, Bakari akija utarudi? Akasema, "Aje mwenyewe, asitume mtu. Na asije kuniambia kwamba dada yake amesema. Aje aniambie yeye ameona nini."

Kwa hiyo nakwambia kama dada yako aliyekufuta makamasi. Nimemuuliza ustadhi wa hapa. Maadamu eda haijaisha, neno lako tu linatosha kumrejea, hakuna mahari mapya wala harusi. Ikiisha utakuwa mtu baki, utaposa upya kama mgeni, na baba yake ana haki ya kukuambia binti haozeshwi mara mbili kwa mtu mmoja asiyemwamini. Mwezi wa pili wa eda umekwisha kuingia ukingoni. Funga banda leo. Hao vijana wa kandanda waache wakalale njaa ya mabao siku moja. Usimtume mjomba, usimtume mshenga, usipige simu. Ukifika, usianze na kosa langu, anza na lako. Lako ni kwamba ulilala na mke yule miaka sita, na neno moja la mtu aliye Doha likawa zito kuliko lake.

Langu nimeshalibeba. Nitalisema pia kwenye lile kundi la familia, kwa sauti yangu, palepale nilipomhukumu, nikishajua Mwanasiti amerudi na mama amesomewa barua hii. Sijalisema bado kwa sababu sitaki mama alisikie peke yake jioni bila mtu wa kumshika mkono.

Nisalimie shangazi, mwambie beseni lake lilikuwa sawa na ulinzi wake ulikuwa sawa, asijilaumu. Nisalimie Riziki, na umwombe anifikishie kwa mama mkwe wake wa Jego kwamba wimbo haukutolewa kumdhalilisha mtu, umetolewa na mjinga mmoja aliyekuwa akipika pilau. Akitaka kuniimbia mimi vugo la kujibu, ana haki yake, na nitasikiliza mpaka mwisho. Nisalimie mjomba muadhini, na mwalimu wa madrasa aliyetufunza, na fundi wa redio anayekaa nje ya banda lako. Njeri anakusalimu, anasema mahindi yake yameiva.

Mama nimemweka mwisho kwa sababu sijui nimwambieje. Nibusie mkono wake, umpe shikamoo yangu. Halafu, ukishamrudisha Mwanasiti na ameketi hapo kando yake, mfungulie barua hii umsomee yote, na pale pa pilau usiparuke. Alisema aliyeitoa sauti yake nje asikanyage tena mlango wake. Aliposema vile hakujua anamsema nani. Asipotaka kujibu usimlazimishe, wala usinitetee. Hapa kazini wameniuliza nikatiwe tiketi ya likizo ya mwezi gani, na wenzangu wote wameshataja miezi yao. Mimi nimewaambia waniache kwanza, kuna mwenye nyumba hajanipa ruhusa.

Ni mimi dada yako,
Saumu